Mizani Haihukumu

Binadamu ni kiumbe apendaye kupima. Mtoto hajatimiza saa moja duniani, mkunga humtia katika mizani akatangaza uzito wake. Na mtu akisha kufa, hupimwa urefu wake ili kaburi limtoshe. Katikati ya vipimo hivi viwili maisha yake yote hupimwa: fundi cherehani humpima kiuno, mwalimu humpima akili, mwajiri humpima nguvu, na jirani humpima tabia. Kupima si kosa. Asiyepima shamba lake hugombana na jirani, na asiyepima unga wake hupika uji badala ya ugali. Lakini kila kipimo kina mpaka wake. Kibaba hupima nafaka, hakipimi njaa ya mlaji. Wari hupima kitambaa, haipimi uzuri wa mvaaji. Mtu atumiapo kipimo nje ya mpaka wake hadanganywi na kipimo, bali hujidanganya mwenyewe.

Nataka tutazame kipimo kimoja na maradhi ya namna moja. Kipimo ni kile cha mwili: uzito, kimo na upana wa kiuno. Maradhi ni yale ya matiti, ambayo huwapata hata wanawake walio katika umri wa kuzaa. Watu wameviunganisha vitu hivi viwili, wengine kwa elimu na wengine kwa uvumi, na hapo limezaliwa swali ambalo tabibu peke yake hawezi kulijibu, kwa sababu si swali la dawa bali ni swali la haki: Je, mtu apatwaye na maradhi ana hatia kwa ajili ya mwili wake?

Nilipokuwa kijana palikuwa na mama mmoja jirani yetu, niliyemwita shangazi ingawa hatukuwa wa damu moja. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye sauti iliyosikika toka kisimani hadi barabarani. Watu waliutazama mwili wake wakasema kwamba nyumba ile haijui shida. Alikuwa hajafika miaka arobaini, na watoto wake wanne wote aliwanyonyesha mwenyewe. Siku moja alipokuwa akioga aliona kivimbe katika ziwa lake la kushoto, kidogo kama punje ya kunde. Hakikumuuma. Alimwambia mwenzake mmoja, naye akamcheka kwa upendo akisema, "Mwili kama huo, dada, utapatwa na nini? Wagonjwa ni wale waliokonda." Shangazi akacheka pia, akanyamaza.

Miezi ikapita na kivimbe kikakua. Mwisho alijikaza akaenda zahanati. Pale, kabla hajasema neno, alipandishwa juu ya mizani, na yule mtumishi aliyesoma uzito wake akautangaza kwa sauti mbele ya foleni nzima, kisha akaongeza, "Kula umekula, mama, sasa walalamika nini?" Watu wakacheka. Shangazi alishuka, akachukua kanga yake, akarudi nyumbani bila ya kumwona daktari. Muda wa miezi minane hakukanyaga tena mahali pale. Aliyemwokoa na ukimya huo ni binti yake, mwanafunzi wa shule ya upili, aliyekuja likizoni akaona doa la damu katika nguo ya mama yake. "Mama, hiki ni nini?" "Nyamaza, mwanangu. Hayo ni mambo ya watu wazima." Binti hakunyamaza. Alimwendea baba yake, na baba akamchukua mkewe hospitali. Alipasuliwa, akatibiwa, akaishi miaka mitatu. Daktari aliyempasua hakumlaumu, ila alisema neno moja ambalo binti yule hakulisahau: kama angalikuja mapema, kazi ingalikuwa ndogo.

Tazama sasa, msomaji, jinsi mwili wa mwanamke yule mmoja ulivyohukumiwa mara mbili, na kila hukumu ikamdhuru. Wa kwanza aliuona unene wake kuwa ngao. Wa pili aliuona kuwa dhambi. Hukumu hizi zapingana kama mashariki na magharibi, lakini mama yao ni mmoja. Wote wawili walisoma kipimo cha mwili kana kwamba ni hati ya siri za ndani. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti.

Kipimo kinachotumiwa sana siku hizi kina historia inayofaa kujulikana. Katika mwaka 1832 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, alionyesha kwamba uzito wa watu wazima huelekea kuongezeka kadiri ya kimo chao kikizidishwa kwa chenyewe. Quetelet alikuwa mtaalamu wa nyota, si tabibu. Wataalamu wa nyota huzoea kuitazama nyota moja mara nyingi na kutafuta wastani wa hesabu zao, maana kila jicho lina kosa lake. Yeye alifanya vivyo hivyo kwa watu. Alizitazama hesabu za vifua vya askari wa Uskoti zaidi ya 5,000, akaandika habari za mtu wa wastani. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1972, Mmarekani Ancel Keys pamoja na wenzake walikifufua kipimo kile na kukipa jina linalotumika katika hospitali za leo; na watu waliowachunguza walikuwa wanaume. Hesabu yake ni nyepesi. Mwanamke mwenye kilo 64 na kimo cha mita 1.60 huzidisha 1.60 kwa 1.60 akapata 2.56, akigawanya 64 kwa 2.56 hupata 25. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba kutoka 18.5 hadi chini ya 25 ni uzito wa kawaida, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, na 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia.

Hesabu hii ina faida, maana ni rahisi, haihitaji ila mizani na utepe, na hufaa kulinganisha mji na mji au mwaka na mwaka. Lakini haijui mambo mengi. Haitofautishi mafuta na misuli, wala haijui kama mafuta yamekaa tumboni au nyongani. Ndiyo sababu madaktari huupima na upana wa kiuno pia. Haijui kama mwenye mwili amezaa juzi, au amerithi umbo la bibi yake. Basi, ikiwa haijui hayo yaliyo karibu na ngozi, itajuaje yaliyo moyoni?

Sasa tuyatazame maradhi yenyewe. Ni vema kwanza kuondoa hofu, kwa maana hofu ni mshauri mbaya. Si kila uvimbe wa ziwa ni saratani. Kwa wasichana na wanawake wanaozaa, vivimbe vingi havina saratani ndani yake: vingine ni tezi laini ziteleazo chini ya vidole, vingine ni vifuko vya maji, na mama anyonyeshaye aweza kupata jipu la ziwa likamtia homa. Hata hivyo saratani iko, nayo ndiyo inayogunduliwa zaidi kuliko saratani nyingine kwa wanawake wa Kenya. Katika mwaka 2022, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nayo ulimwenguni, na 670,000 waliuawa nayo. Hata wanaume hawakusazwa, ijapokuwa hawafiki zaidi ya 1 katika kila wagonjwa 100.

Je, unene wahusika? Wahusika, lakini kwa namna ambayo wengi hawaitazamii. Mwanamke akisha kukoma hedhi, vifuko vyake vya mayai huacha kutengeneza homoni ya kike, na kiwanda kikubwa kinachobaki ni mafuta ya mwili. Mafuta yakizidi, homoni nayo huzidi, na saratani nyingi za matiti hustawi kwa homoni hiyo. Kwa hivi wanawake wanene waliopita umri wa kuzaa hupata maradhi haya zaidi kuliko wenzao. Lakini kwa wanawake walio bado katika umri wa kuzaa mambo hugeuka. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2018, ulioziweka pamoja habari za wanawake zaidi ya 750,000, ulionyesha kwamba kabla ya kukoma hedhi waliokuwa wazito zaidi walipata saratani ya matiti kwa uchache zaidi.

Hapa msomaji mwepesi atasema, "Basi yule jirani alisema kweli! Shangazi alikuwa na ngao." Na hapa ndipo penye kiini cha jambo ninalotaka kulieleza. Yule jirani, kwa bahati, alikaribia ukweli juu ya wengi, akakosea juu ya mmoja. Na aliyekuwa mbele yake ni huyo mmoja. Hesabu ya watu wengi ni kama habari za mvua ya wilaya: yaweza kusema kwamba mwaka huu mvua itakuwa haba, lakini haikuambii kama tone litaanguka juu ya paa lako. Uchache si utupu. Mwanamke mmoja akipatwa, hapatwi kwa uchache, hupatwa mzima. Tena yatupasa kukumbuka kwamba kadiri ya nusu ya saratani hizi huwapata wanawake wasio na sababu yoyote ya kuhofiwa, ila kwamba ni wanawake na umri wao umepita miaka arobaini. Na ziwa likiwa kubwa, kivimbe kidogo huweza kujificha ndani yake kama jiwe katika gunia la maharage, kikakawia kujulikana.

Turudi sasa katika swali letu la hatia. Mwaka 1713 tabibu wa Italia aitwaye Bernardino Ramazzini, aliyekuwa mwalimu katika mji wa Padua, aliandika kwamba saratani ya matiti ilionekana sana kwa watawa wa kike. Mwaka 1926 Mwingereza Janet Lane-Claypon aliwalinganisha wanawake 500 waliokuwa na maradhi haya na wengine 500 wasiokuwa nayo, na habari alizokusanya zilionyesha kwamba kuzaa na kunyonyesha kuna uhusiano na kupungua kwake. Haya yamethibitishwa tangu wakati huo. Lakini ni nani atakayesimama mbele ya mtawa anayekufa na kumwambia, "Umejiletea mwenyewe, kwa nini hukuzaa?" Mtawa yule alichagua njia aliyoiona kuwa njema, saratani haikuwa adhabu ya uchaguzi wake. Tena wataalamu wameona kwamba wanawake warefu hupata maradhi haya zaidi kidogo kuliko wafupi. Je, twende tukawalaumu warefu kwa urefu wao? Ni dhahiri kwamba kuwa sababu ni jambo moja, na kuwa na hatia ni jambo jingine. Mvua ni sababu ya mafuriko, lakini hatuishtaki mahakamani.

Yamkini mtu atapinga akisema, "Kimo hakibadiliki, lakini unene hutokana na mlo, na mlo hutokana na mkono wa mlaji." Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, nami silikatai lote. Ni kweli kwamba mtu ana neno juu ya chakula chake, kileo chake na miguu yake, iwapo itatembea au itaketi. Lakini hana neno lote. Yuko mwanamke anayekula mkate mweupe na chai yenye sukari nyingi kwa sababu ndivyo vinavyonunulika kwa shilingi alizo nazo. Yuko aliyerithi mwili wake kama alivyorithi rangi ya macho. Yuko aliyenenepa kwa kuzaa, na yuko aliyenenepeshwa na mila ya watu wake, waliomhesabu bibi arusi mwembamba kuwa aibu ya wazazi. Twaweza kumtwika mtu mmoja mzigo wa mambo haya yote na kusema kwamba tumetenda haki?

Nadhani fundo hili hufunguka tukitenga wajibu na lawama. Wajibu hutazama mbele. Lawama hutazama nyuma. Wajibu humwambia mwanamke, "Mwili wako ni amana, utunze, ujue, ukiona badiliko usikawie." Lawama humwambia, "Ungalifanya hivi usingalipatwa." Wajibu humtia nguvu mtu aliyesimama, lawama humkanyaga mtu aliyeanguka. Mkulima hana amri juu ya mvua, lakini hupanda. Na mvua ikikosa kunyesha hatumwiti mvivu. Vivyo hivyo yafaa mtu autunze mwili wake kwa bidii, kwa kuwa juhudi yake hupunguza hatari nyingi, si hii ya matiti tu. Lakini maradhi yakija licha ya juhudi, au hata bila ya juhudi, anachostahili ni tiba na si hukumu.

Lawama ina rafiki yake, naye ni aibu. Herodotus, Myunani aliyeandika historia katika karne ya 5 kabla ya Kristo, asimulia habari za Atossa, mke wa Dario mfalme wa Uajemi. Atossa alitokwa na uvimbe katika ziwa. Ulipokuwa mdogo aliuficha kwa aibu, asimwambie mtu. Ulipopasuka na kuenea ndipo alipomwita tabibu Mgiriki aitwaye Democedes, naye akamponya. Huyu alikuwa binti wa mfalme na mke wa mfalme; hakukosa mali, wala tabibu hakuwa mbali naye, maana alikuwa katika jumba la mumewe. Kilichokuwa kati ya ugonjwa na dawa ni haya peke yake. Ikiwa malkia alizuiwa hivyo, mwanamke wa shamba atazuiwa kwa kadiri gani?

Siidharau haya. Haya ni pambo la mtu, na jamii isiyo na haya ni kama nyumba isiyo na milango. Lakini mlango umewekwa ufungwe na ufunguliwe. Usiofunguka hata nyumba inapowaka moto si mlango tena, ni kaburi. Haya ya kweli humzuia mtu kutenda ovu, na kuugua si kutenda. Anayemwonyesha tabibu ziwa linalougua havunji heshima yake. Anailinda, kwa maana heshima yahitaji mtu aliye hai wa kuibeba. Mficha uchi hazai, walisema wazee, nao walikuwa watu wenye haya kuliko sisi.

Kwa hivyo wajibu si wa mwanamke peke yake. Mwenye kushika mizani anao wajibu wa kusoma tarakimu kwa sauti ya chini na kwa moyo wa juu. Neno lake moja la dharau laweza kumrudisha mtu nyumbani kwa miezi minane. Mume anao wajibu wa kuuliza bila karaha na kutoa nauli bila masimango. Binti na mwana wanao wajibu wa kutonyamaza wanapoambiwa wanyamaze, ikiwa kunyamaza kwao kutamwua mzazi. Na kila mwanamke, awe mnene au mwembamba, mrefu au mfupi, ana wajibu wa kuzijua dalili: uvimbe mpya, hata usiouma, maana kutouma si amani, ngozi ya ziwa iliyonywea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ambayo zamani haikuwa hivyo, damu au majimaji yatokayo kwenye chuchu. Mojawapo ya haya likionekana, na lipelekwe kwa daktari upesi. Aghalabu litakuwa jambo dogo, na mwenda hospitali atarudi akicheka. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Binti yule wa shangazi ni mama sasa, na ana mabinti wake. Nimesikia kwamba nyumbani kwake neno ziwa hutajwa kama litajwavyo jino au goti, bila kicheko na bila kunong'ona. Ana mizani pia, imewekwa katika pembe ya chumba. Watoto hupanda juu yake wakajua uzito wao, kisha hushuka wakaenda kucheza.